Kipindi cha Kemia: Alkeni na Mkono wa Pili

(Muziki wa kufungulia, sekunde 15, kisha unashuka chini ya sauti ya mtangazaji.)

Leo ni zamu ya kemia. Nitazungumza hasa na walio miaka ya mwisho ya sekondari, lakini mama uliye jikoni usizime redio, maana tutafika mpaka kwenye chupa yako ya mawese.

Wiki iliyopita dada mmoja wa mwaka wa tano aliacha karatasi kwenye dirisha la studio. Anasema mtihani umekaribia, shule yao haina maabara, na daftari lake lina kurasa nne za milinganyo ya alkeni. Hajawahi kuiona alkeni hata moja. Anauliza: azikariri tu kurasa hizo, au aache kemia ahamie mchepuo mwingine wakati bado ana muda?

Dada yangu, usihame kwanza. Mimi mwenyewe nilizikariri kurasa kama hizo, na nakwambia kilichonipata. Katika mtihani wa majaribio tuliulizwa kama plastiki ya polietheni inaondoa rangi ya maji ya bromini. Nikajibu ndiyo, kwa sababu jina lake lina etheni ndani. Nilikosa. Jioni ile nikarudi nikalala chini ya plastiki hiyohiyo, imefungwa kwa kamba juu ya kichwa changu, na sikujua kwa nini nimekosa. Swali hilo tutalirudia kabla ya kumaliza.

Tuanze na majina, kwa sababu hapa kambini tumetoka shule za aina mbili. Uliyesoma kwa Kifaransa ulisikia alseni na etileni. Uliyesoma kwa Kiingereza ulisikia alkini na ithini. Mimi nitasema alkeni na etheni. Ni vitu vilevile. Kwenye karatasi ya mtihani andika jina kama lugha ya mtihani wako inavyotaka, na angalia sana usichanganye na alkaini, ambazo zina vifungo vitatu kati ya kaboni mbili. Alkeni zina viwili. Ndogo kuliko zote ni etheni, CH₂=CH₂, gesi isiyo na rangi. Inafuata propeni, kisha buteni, na kuendelea. Alkeni yenye kifungo maradufu kimoja na isiyo na duara ina haidrojeni mara mbili ya idadi ya kaboni zake.

Sasa naomba watu wawili wasimame. Ndiyo, hapo hapo ulipo, mwite mdogo wako.

Tazamaneni, mshikane mkono mmoja tu. Hicho ndicho kifungo cha kwanza, kinaitwa sigma. Kiko kwenye mstari wa katikati unaounganisha kaboni mbili, na kimekaza. Mkishikana hivyo, mmoja anaweza kujigeuza huku na huku bila kumwachia mwenzake. Haya, shikaneni na mkono wa pili. Hicho ni kifungo pai. Chenyewe hakikai katikati. Elektroni zake zimetanda juu na chini ya ule mstari, nje nje, mahali ambapo mpita njia anaweza kuzifikia. Jaribuni tena kugeuka. Hamwezi, mpaka mwachie mkono mmoja.

Kaeni. Dada wa mwaka wa tano, kurasa zako nne zimo katika mchezo huo.

Tuuweke kwa hesabu. Kuvunja kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni kunahitaji takriban kilojuli 347 kwa moli. Kuvunja kifungo maradufu kunahitaji takriban 612. Kama mikono yote miwili ingekuwa na nguvu sawa, tungepata 694. Haifiki. Toa 347 kwenye 612, unabaki na 265. Hiyo ndiyo nguvu ya mkono wa pili: upo, unavuta kaboni zikaribiane zaidi, kutoka nanomita 0.154 mpaka 0.134, lakini ni dhaifu kuliko wa kwanza. Kitu kikija kugonga mlango wa alkeni, mkono huo ndio unaoachia. Kaboni mbili hazitengani, zinabaki zimeshikana kwa sigma, na kila moja sasa ina mkono mtupu wa kumpokea mgeni. Hiyo inaitwa mmenyuko wa kuongeza. Hakuna kinachotoka. Mgeni anaingia, basi.

Ndiyo maana maji ya bromini, yenye rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, yanapoteza rangi ukipitisha etheni ndani yake hata gizani. Bromini imeshikwa na kaboni, haipo tena majini kuonyesha rangi yake. Ethani haina mkono wa pili, kwa hiyo gizani haifanyi kitu. Inahitaji mwanga, tena hapo haiongezi bali inabadilishana, haidrojeni moja inatoka bromini inaingia. Jambo moja la ngazi ya juu ambalo watahini wanalipenda: ukitumia bromini safi na etheni unapata 1,2-dibromoetheni au 1,2-dibromoethani? Ni ethani, kwa sababu kifungo maradufu kimekwisha. Na ukitumia maji ya bromini, maji nayo yamo mezani, kwa hiyo sehemu kubwa ya zao ni 2-bromoethanoli, yenye bromini upande mmoja na OH upande wa pili.

Kuna kipimo kingine, cha pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau. Alkeni inaiondolea rangi. Ikiwa na asidi, inabaki maji yasiyo na rangi. Bila asidi, unaona mashapo ya kahawia, nayo ni oksidi ya manganizi.

(Sauti ya kengele fupi.)

Tufike kwenye propeni, ambapo wengi tunaanguka. Propeni ni CH₃–CH=CH₂. Ukiipa haidrojeni bromidi, HBr, haidrojeni inakwenda kwa kaboni ipi, ya mwisho au ya katikati? Darasani tulifundishwa kusema "mwenye nacho huongezewa": haidrojeni inakwenda kwa kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Mrusi Vladimir Markovnikov, aliyeitoa mwaka 1869. Msemo ni mzuri kwa kukumbuka, lakini mtahini akiuliza "kwa nini", msemo hauna jibu, na alama ziko kwenye "kwa nini".

Jibu ni hili. Haidrojeni ya HBr inafika ikiwa na chaji chanya, inavutwa na elektroni za pai zilizotanda nje. Ikijishikiza kwa kaboni moja, ile nyingine inabaki imepungukiwa elektroni, ina chaji chanya. Huo ni mzigo. Haidrojeni ikienda kwa kaboni ya mwisho, mzigo unabaki kwa kaboni ya katikati, ambayo ina kaboni jirani mbili za kuisukumia elektroni kidogo na kuupunguza uzito. Haidrojeni ikienda katikati, mzigo unaangukia kaboni ya mwisho, yenye jirani mmoja tu. Dumu la maji la lita 20 linabebeka kwa urahisi kukiwa na wa kusaidia kila upande. Njia ya kwanza ni nyepesi, kwa hiyo ndiyo inayofuatwa na wengi, kisha bromini yenye chaji hasi inakuja kukaa katikati. Zao kuu ni 2-bromopropani.

Halafu kuna mtego. Mwaka 1933 huko Chicago, Morris Kharasch na Frank Mayo walionyesha kwamba kukiwa na peroksidi, HBr inafanya kinyume na kutoa 1-bromopropani. Markovnikov hakukosea. Peroksidi inabadilisha anayetangulia kufika: sasa ni atomu ya bromini yenye elektroni moja isiyo na mwenzi, siyo haidrojeni. Bromini inajishikiza mwisho wa mnyororo ili upungufu ubaki katikati penye wasaidizi wawili. Sababu ni ileile, aliyetangulia ndiye tofauti. Na mambo haya ni ya HBr peke yake. Ukiona HCl na peroksidi kwenye swali, peroksidi imewekwa kukupotosha.

Mama, sasa lete mawese.

Umeona wenyewe asubuhi za baridi: mawese yanaganda nusu, tabaka zito linakaa chini na maji mekundu juu. Mafuta ya alizeti kwenye baridi ileile yanabaki maji. Na mafuta ya ng'ombe yanakuwa kama sabuni hata mchana. Ukikumbuka ule mchezo wa mikono miwili, kwamba hamwezi kugeuka, umeshapata sababu. Mafuta yametengenezwa kwa minyororo mirefu ya kaboni. Pasipo kifungo maradufu, mnyororo unanyooka, minyororo inapangana kama kuni zilizonyooka na kuganda. Penye kifungo maradufu cha sura ya cis, yaani pande zote mbili za mnyororo ziko upande mmoja wa kifungo, mnyororo unapinda kama kuni yenye kiwiko. Kuni zenye viwiko hazipangiki vizuri. Na kwa kuwa kifungo hakigeuki, kiwiko hakinyooki.

Angalia asidi tatu zenye kaboni 18 kila moja. Asidi ya steariki haina kifungo maradufu, inayeyuka karibu nyuzi 69 za Selsiasi. Asidi ya oleiki ina kimoja, cha cis, kati ya kaboni ya 9 na ya 10, na inayeyuka karibu nyuzi 13. Asidi ya elaidiki ina kimoja mahali palepale, lakini ni cha trans, pande mbili za mnyororo zimepishana, umenyooka zaidi, nayo inayeyuka karibu nyuzi 45. Oleiki na elaidiki zina fomula moja, kaboni zilezile kwa mpangilio uleule. Tofauti ya nyuzi zaidi ya 30 imeletwa na mkono usiogeuka. Mawese yapo katikati kwa sababu karibu nusu ya asidi zake hazina kifungo maradufu, na zilizobaki zinacho.

Viwandani watu hupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya maji penye unga wa nikeli, mkono wa pili unaachia, mafuta yanakuwa mazito. Mfaransa Paul Sabatier alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi hiyo ya kuongeza haidrojeni kwa msaada wa metali. Ubaya wake, haidrojeni ikiongezwa nusunusu, baadhi ya vifungo vya cis vinageuka kuwa trans, na mafuta ya trans yanadhuru moyo. Shirika la Afya Duniani liliyaomba mataifa mwaka 2018 yaondoe mafuta ya trans ya viwandani kwenye chakula.

(Muziki, sekunde 10.)

Sasa inua macho. Hiyo shitingi juu yako.

Mwezi Machi mwaka 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, Uingereza, walikuwa wanajaribu kuichanganya etheni na kemikali nyingine chini ya mgandamizo mkubwa kupita kiasi, na joto la nyuzi 170. Mchanganyiko walioutaka hawakuupata. Walikuta kitu cheupe kama nta kimebaki ndani ya chombo, kiasi kidogo hakifiki hata gramu moja. Walipojaribu tena, kuna mara chombo kililipuka. Kwa nini kilipuke? Rudi kwenye hesabu yetu. Etheni moja inaachia mkono wa pili, wenye kilojuli 265, na kwa mkono huo inamshika jirani kwa kifungo cha sigma, chenye 347. Tofauti inatoka kama joto, na jirani naye anafanya hivyo kwa mwingine, maelfu kwa maelfu. Joto lisipoondolewa, kazi inakimbia. Mwaka 1935 wenzao walifaulu vizuri zaidi, kwa bahati, kwa sababu oksijeni kidogo ilikuwa imeingia na ndiyo iliyoanzisha mnyororo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia plastiki hiyo ilifunika nyaya za rada za Waingereza.

Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler alipata njia ya kuunganisha etheni bila mgandamizo mkubwa, kwa kutumia michanganyiko ya aluminiamu na titani. Minyororo yake haikuwa na matawi mengi, kwa hiyo ilipangana vizuri, kama zile kuni zilizonyooka, na plastiki ikawa ngumu. Mwitalia Giulio Natta akafanya hivyo kwa propeni. Wawili hao walishirikiana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963.

Hizo zote unazo nyumbani. Turubai la kawaida la misaada, la mita 4 kwa 5, limefumwa kwa nyuzi nyeusi za polietheni ngumu, kisha pande zote mbili limepakwa polietheni laini. Tazama pale lilipochanika, utaziona nyuzi zenyewe. Dumu la maji ni polietheni ngumu. Gunia jeupe la unga lililofumwa ni polipropeni. Unaweza kumwambia mtahini kwamba alkeni umelala chini yake, umechotea maji na umebebea mgao wako.

Lakini ni alkeni bado? Hapo ndipo nilipokosa mimi. Polietheni imetokana na etheni, ila kila molekuli imeshaachia mkono wake wa pili ili kushika jirani. Kilichobaki ni mnyororo wa vifungo vya sigma vitupu. Maji ya bromini hayana cha kushika, rangi inabaki. Jina linatuambia ilikotoka, halituambii ilivyo sasa. Na kwa sababu hiyohiyo dumu halishambuliwi na maji wala na chumvi, na mfuko uliofukiwa shambani unakaa miaka mingi bila kuoza.

Jua ndilo linaloiweza plastiki, polepole. Gunia la unga likiachwa nje linaanza kumwaga unga mweupe na kukatika vidoleni, mapema kuliko turubai. Katika polipropeni, kila baada ya kaboni moja kuna kaboni iliyoshikwa na kaboni tatu na kubakiwa na haidrojeni moja tu, na haidrojeni hiyo inang'oka kwa urahisi jua na oksijeni vinaposaidiana. Ni ile kaboni ya katikati tuliyoizungumza kwa Markovnikov. Kwa hiyo ukitaka kuziba tundu la paa, kipande cha turubai ni bora kuliko gunia.

Na hili nalisema kwa wote, si kwa wanafunzi tu. Plastiki hiyo ni kaboni na haidrojeni tupu, jamaa ya karibu ya nta ya mshumaa. Kimya chake mbele ya bromini hakina maana mbele ya moto. Inayeyuka, inadondoka huku inawaka, na matone yake yanashika kitu kingine. Jiko likae mbali na ukuta wa turubai, na usiwashie moto kwa vipande vya plastiki ndani ya nyumba. Moshi wake una masizi na kaboni monoksidi.

Dada, ulisema hujawahi kuiona alkeni. Kuiona huwezi, haina rangi. Lakini unaweza kuikamata ikifanya kazi. Wazee wetu wa Burundi na Kivu wanajua kuvundika ndizi: shimo linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, mikungu inafukiwa na moshi unaingizwa. Ndani ya moshi wa kuni kuna etheni. Mwaka 1901 huko St Petersburg mwanafunzi Dimitry Neljubov aligundua kwamba etheni iliyokuwa kwenye gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikiharibu ukuaji wa miche yake ya njegere, na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba matunda yenyewe yanaitoa. Ndizi iliyoiva inawaivisha jirani zake. Wafanyabiashara wengine hutumia kabaidi. Hiyo ikipata maji inatoa asetilini, ambayo ni alkaini inayoiga kazi ya etheni, ila kabaidi ya viwandani huwa na uchafu wa aseniki na fosforasi, kwa hiyo usiiguse.

Chukua ndizi mbichi tatu za mkungu mmoja. Moja ifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi iliyoiva sana. Ya pili ifunge peke yake kwenye mfuko kama huo. Ya tatu iache wazi. Andika rangi yake kila asubuhi kwa siku tano. Hiyo ni kazi ya alkeni na umeiona bila maabara.

Maswali ya wiki hii ni mawili. La kwanza: but-1-eni na but-2-eni zote ni C₄H₈, ni ipi yenye sura za cis na trans, na kwa nini nyingine haina? La pili: but-1-eni ikipata HCl penye peroksidi, zao kuu ni lipi? Andika sababu, siyo jina peke yake. Weka majibu kwenye sanduku la dirisha la studio kabla ya Alhamisi saa kumi jioni, pamoja na daftari la ndizi kwa waliojaribu. Tutayasoma hewani kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia.)